Sura ya Sita: Mapigo ya Anayebisha Hodi

Mwanafunzi wa sekondari akipewa shairi la mapenzi kwenye mtihani hufanya alichofundishwa. Huhesabu beti, huhesabu mishororo, hugongagonga vidole juu ya meza akihesabu mizani, kisha huandika: shairi lina mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa 8, ni tarbia kwa kuwa lina mishororo minne, ni mathnawi kwa kuwa lina vipande viwili, ni ukaraguni kwa kuwa vina vinabadilika ubeti hadi ubeti. Hupata alama zake zote. Shairi nalo hubaki pale pale lilipokuwa, halijasomwa.

Majina hayo ni ya kweli na katika sura hii nitayatumia, lakini kazi ya uchambuzi huanza pale anapoweka kalamu chini mwanafunzi huyo. Mizani ni nane. Haya, nane hizo zinamfanya nini anayesikiliza? Kina ni -ma. Kwa nini kiwe -ma? Maswali haya yana uzito katika ushairi wowote, ila katika shairi la mapenzi yana uzito zaidi, kwa sababu mshairi wa mapenzi wa Kiswahili ni mtu aliyefungwa mdomo nusu. Hamtaji ampendaye. Humwita ua, njiwa, lulu, tabibu, mwendani. Waliokaa barazani wanamsikia, jirani anamsikia, na pengine wazazi wa huyo asiyetajwa wanamsikia pia. Lililozuiwa na adabu lisitamkwe kwa maneno hutafuta njia nyingine ya kutokea, na njia iliyo karibu kuliko zote ni sauti.

Shairi nitakalolifungua nimelitunga kwa ajili ya sura hii. Nataka kulibadili maneno, kulipanga upya na kulivunja, na kuifanyia hivyo tungo ya malenga aliyetangulia mbele ya haki ni kukosa heshima. Lisome kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona.

Kizani tangu usiku, mlangoni nasimama,
Nyota nahesabu huku, mwezi umekwisha zama,
Hata wamewika kuku, kwako ni kimya kizima,
Hodi nabisha, sikia. U ndani, ewe mwendani?

Umejifukiza udi, moshi nje umefika,
Nami hapa na baridi, mifupa yatetemeka,
Nagonga tena zaidi, kidole kinachubuka,
Hodi nabisha, sikia. U ndani, ewe mwendani?

Sasa kumekwisha kucha, zimeng'aa zote mbingu,
Kubisha nimekuacha, nauliza moyo wangu,
Haukutaka kuficha, siri ya chumbani mwangu,
Hodi sibishi, sikia. U ndani yangu, mwendani.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtu amesimama mlangoni usiku kucha, anabisha, hajibiwi, harufu ya udi inamwambia kwamba mwenyewe yumo na amejipamba, kukicha anaacha kubisha kwa kuwa amegundua kwamba anayemtafuta yumo moyoni mwake. Nikisimulia hivi, kwa nathari, hakuna atakayelia. Tena hatujui aliye nje ni mwanamume au mwanamke. Ngeli zetu hazisemi. Wasomaji wengi humweka mwanamume nje na mwanamke ndani kwa sababu ya udi, na hilo ni lao.

Tuanze na mizani, maana bila mizani hakuna linalosimama. Mizani ni silabi, na wengi hujikwaa kwenye herufi m na n. Katika "mlangoni", m inajitegemea: m-la-ngo-ni, silabi nne. Katika "mbingu", m imeegemea b na hazitenganishwi: mbi-ngu, silabi mbili. Katika "mwezi", mw ni mwanzo wa silabi moja: mwe-zi. Neno linalowatesa wengi ni "nje". Ukiliandika linaonekana silabi moja, lakini litamke: n inabeba mkazo, inasimama peke yake, n-je, kama n ya "nchi" na ya "nta". Anayelihesabu kuwa moja atasema "moshi nje umefika" kina mizani saba na kwamba mtunzi amepungukiwa. Mwambie alitamke kabla ya kumhukumu mtunzi. Sikio ndilo hakimu hapa.

Mahali pengine mtunzi hukata au kuongeza ili mizani itimie. "Nauliza moyo wangu" kwa sarufi ya darasani kingekuwa "nauuliza moyo wangu", u moja ya moyo na u nyingine ya kitenzi. Hiyo ni mizani tisa. U moja imemezwa, na kumeza huko washairi hukuita inkisari. Kinyume chake ni mazida, kama pale "afya" inapoandikwa "afiya" ili itoe silabi tatu badala ya mbili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi, alizieleza ruhusa za namna hii pamoja na mipaka yake, na tangu hapo kitabu hicho kimekuwa kama rula mezani kwa watunzi na walimu. Ninakiheshimu. Ila kuna wasomaji wanaoikuta inkisari katika shairi na kuitaja tu kama mtu anayeokota chupa ufukweni, bila kuuliza kama imefanya lolote. Hapa, kwa maoni yangu, haikufanya kubwa: imelainisha tu mwendo. Si kila kilichomo ndani ya shairi kina siri.

Kubwa liko kwenye mkazo, na la ajabu ni kwamba vitabu vingi vya ushairi wetu havigusi mkazo kabisa. Vinasema, na vinasema kweli, kwamba mizani ya Kiswahili ni hesabu ya silabi, haijali mkazo umeangukia wapi. Mtunzi hahitajiki kuupanga. Lakini kutoupanga hakuufanyi usisikike. Neno la Kiswahili, ukiacha machache ya mkopo, hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kipande cha mizani nane kikiisha kwa neno la silabi mbili au zaidi, basi silabi ya saba lazima ibebe mkazo na ya nane lazima iwe nyepesi. Hakuna aliyeitunga kanuni hiyo. Imeletwa na lugha yenyewe. Pita kipande kwa kipande katika beti zetu tatu: usiku, nasimama, huku, zama, kuku, kizima. Ya saba nzito, ya nane nyepesi, kila mara. Silabi sita za mwanzo ziko huru, na katika uhuru huo ndimo mtunzi mwenye sikio hucheza.

Chukua "mifupa yatetemeka". Mkazo unaangukia fu, silabi ya pili, kisha unapotea mpaka me, silabi ya saba. Katikati kuna pa, ya, te na te nyingine, silabi nyepesi zinazofuatana bila pa kushika. Ulimi wenyewe unatetemeka. Mshororo unaofuata una "kidole kinachubuka", nao ni vivyo hivyo: do, kisha mteremko mrefu mpaka bu. Utao (kipande cha pili) wa mishororo hiyo miwili hauna nguvu. Ni mtu aliyechoka na kupigwa baridi. Ukwapi (kipande cha kwanza) wa mshororo wa kidole, "nagonga tena zaidi", una mikazo mitatu: go, te, i. Anagonga, kisha anaporomoka. Anagonga kwenye ukwapi, anaumia kwenye utao.

Sasa njoo kwenye kituo, mshororo wa mwisho wa kila ubeti, ndiko shairi lilikojiweka lote. "Hodi nabisha, sikia." Mkazo uko kwenye ho, silabi ya kwanza, bi, silabi ya nne, ki, silabi ya saba. Moja, nne, saba. Nafasi kati yao ni sawasawa: pigo, silabi mbili nyepesi, pigo, silabi mbili nyepesi, pigo. Gonga meza kwa kidole kilichokunjwa kila unapofika penye mkazo na utasikia mlango ukibishwa mara tatu, kwa mwendo wa mtu mwenye adabu asiye na haraka.

Jaribu kuligeuza: "Nabisha hodi, sikia." Maneno ni yale yale, mizani ni nane, kina ni kile kile, maana haijaondoka popote, tena huu ndio mpangilio wa mazungumzo ya kawaida kwa kuwa sote husema kubisha hodi. Msahihishaji hatapunguza hata nusu alama. Lakini mikazo sasa iko kwenye silabi ya pili, ya nne na ya saba, na mlango haubishwi tena. Kinachosikika ni mtu anayetoa taarifa kwamba anabisha. Tofauti baina ya kutoa taarifa na kubisha ndiyo tofauti baina ya maelezo na shairi, na imetokana na kuhamisha neno moja tu.

Mapigo matatu hayo yana sheria nyuma yake. Katika mafundisho ya Mtume, anayeomba ruhusa ya kuingia nyumba ya watu huomba mara tatu, asipojibiwa, arudi. Mwambao mzima unaijua adabu hii, hata wasioweza kutaja hadithi ilikotoka: hodi, hodi, hodi, kisha unaondoka zako. Shairi letu lina beti tatu, na kila ubeti una hodi yake kwenye kituo. Ubeti wa kwanza hodi, ubeti wa pili hodi, na ubeti wa tatu, ambao kwa adabu ndio wa mwisho, neno hodi lipo lakini limekanushwa: "Hodi sibishi." Idadi ya beti hapa imefanya kazi ambayo ubeti wa nne ungeiharibu. Angeongeza wa nne, mpenzi huyu angekuwa msumbufu na jirani angekuwa na haki ya kutoka na fimbo.

Tazama pia mikazo ya kituo hicho cha mwisho. "Hodi sibishi, sikia": ho, bi, ki. Moja, nne, saba. Mpenzi anasema habishi, na mikazo ya maneno yake inabisha vilevile kama mwanzo, pigo kwa pigo. Utao nao, "u ndani yangu, mwendani", una mikazo pale pale ilipokuwa katika "u ndani, ewe mwendani". Maneno yamekata tamaa au yametulia, chagua mwenyewe. Mapigo hayajakata wala kutulia. Anayesoma kwa macho atasema ameridhika, amempata moyoni, yamekwisha. Aliyesikia atakuwa na shaka.

Kuhusu vina nitaanza na lawama. Kiswahili kinamrahisishia mno mtunzi wa vina. Kila neno letu la asili linaishia kwenye irabu, na kina chetu kinahitaji silabi moja tu ya mwisho, ile nyepesi isiyo na mkazo. Ongeza -ni za mahali, -wa za kutendwa, -ka za kutendeka, -ngu za kumiliki, na mtoto wa miaka kumi anaweza kujaza kurasa. Ndiyo maana kutimia kwa vina si sifa. Cha kutazama ni vimetoka wapi. Katika ubeti wa pili vina vya kati ni udi, baridi, zaidi: jina la kitu, jina la hali, na neno la kiasi. Hakuna aliyetegemea neno moja lifuate jingine. Vina vya mwisho vya ubeti huo huo ni umefika, yatetemeka, kinachubuka, vitenzi vitatu vilivyopangwa foleni, na mkaguzi mkali angesema hapo sikio limepewa kile lilichokitarajia. Ninavitetea kwa sababu moja: vitenzi hivyo havimtii mpenzi. Moshi unafika wenyewe, mifupa inatetemeka yenyewe, kidole kinachubuka chenyewe. Katika utao wote wa ubeti huo yeye hatendi jambo, mambo yanamtokea.

Sikiliza pia irabu iliyo kabla ya kina. Sheria haiidai, ila sikio huikumbuka. Usiku ina i-ku, huku na kuku zina u-ku, na kwa hiyo mshororo wa pili na wa tatu imefungana zaidi kuliko ule wa kwanza. Nasimama na zama zinaitikiana kwa -ama. Kizima inavunja kwa -ima, na ndipo penye "kimya kizima", pale ambapo hakuna kinachoitikia. Pengine msomaji ataniambia nimezidisha. Naweza kukubali kwa irabu. Kwa kina chenyewe sikubali: -ma hufunga midomo yote miwili kabla ya kuifungua, na ubeti mzima unahusu nyumba iliyofungwa.

Kina kilichobeba shairi ni cha ubeti wa tatu. Rudi kwenye beti mbili za mwanzo utafute neno lolote la kumiliki linalomhusu mpenzi: wangu, yangu, changu. Halipo. Anasema nami, anasema kwako, anasema ewe, lakini hathubutu kudai chochote kuwa chake. Ubeti wa tatu unafunguka kwa mbingu, neno ambalo halimiliki kitu, linaloanzisha tu sauti ya -ngu kana kwamba ni mandhari. Kisha kina hicho kinamlazimisha: wangu, halafu mwangu. Sheria ya vina ndiyo inayomtaka atamke umiliki ambao haya yake ilimkataza. Na baada ya kuanza hawezi kuacha: -ngu inavuka mpaka wa mishororo yake mitatu na kuingia katikati ya kituo, mahali ambapo kina chake hakina kazi, na kumng'oa "ewe". "U ndani, ewe mwendani" inakuwa "u ndani yangu, mwendani". Neno la kumwita mtu aliye mbali limetolewa, neno la kumiliki limekaa mahali pake. Mizani ni ile ile, na swali limegeuka kauli.

Kina cha kati nacho kina hila yake katika ubeti huo. "Kubisha nimekuacha." Sarufi inaruhusu masikio mawili. Ku- iliyo ndani ya "nimekuacha" inaweza kuwa ya kubisha kwenyewe: kule kubisha, nimekuacha. Inaweza pia kuwa yako wewe: nimekuacha wewe. Katika nathari muktadha ungelimaliza jambo hili upesi. Katika shairi neno limewekwa mwishoni mwa ukwapi, penye pumzi, na anayeghani huvuta kina kabla ya kuvuka: nimekuachaaa. Kwa muda wa pumzi hiyo aliyeko ndani, kama yupo na anasikiliza, amesikia kwamba ameachwa. Utao ndio unaokuja kumtuliza, na haumtulizi kabisa. Hili ndilo ninaloliita kusema kwa umbo: mshororo umetoa tishio, na mtunzi akiulizwa atasema hajatishia mtu.

Kuvuta huko kwa kina ndiko kunakofidia udhaifu nilioulalamikia. Silabi ya nane ni nyepesi ikisomwa, lakini mashairi yetu kwa karne nyingi yameghaniwa na kuimbwa, na mahadhi huichukua silabi hiyo nyepesi na kuikalia. Msikilize mwimbaji wa taarab popote anapofika mwisho wa kipande. Nyimbo nyingi za taarab zimejengwa kwa vipande hivi hivi vya nane kwa nane, mara nyingi kwa beti za mishororo mitatu, na tangu santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 sauti za Kiswahili za namna hii zimeingia majumbani mwa watu wasiowahi kushika diwani. Wengi tumejifunza vina kwa masikio kabla ya kujua vinaitwa vina.

Umbo hili pia ndilo lililoyaokoa mashairi kabla ya uchapaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake, za vita, za siasa na za mapenzi, ziliandikwa baadaye kutoka katika kumbukumbu za watu, Mwalimu Sikujua akiwa mkusanyaji mkuu akishirikiana na W. E. Taylor, na diwani yake ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Karne nzima imepita hapo katikati. Silabi ikipotea, mizani humshtaki aliyeisahau. Neno likibadilishwa, kina humrudisha njiani. Muyaka huyo huyo ndiye anayetajwa zaidi kwa kuliingiza shairi la mishororo minne katika mambo ya kila siku ya mji, kwa hiyo tunapotunga tarbia ya mapenzi tunatembea katika mtaa ambao yeye alikuwa miongoni mwa wajenzi wake.

Je, kisa chetu kingefaa kwa utenzi? Utenzi una mishororo ya mizani nane peke yake, hauna utao, na mwendo wake ni wa kusonga mbele: vita, safari, wasia. Mwana Kupona alipomwandikia binti yake wasia mwaka 1858, akigusia na maisha ya ndoa, alichagua utenzi na alichagua vizuri, kwa kuwa mama anayeusia ana mengi na muda ni mchache. Anayebisha mlango haendi popote. Anahitaji mshororo unaokatika katikati na kungoja.

Nimeziacha konsonanti mpaka sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndiko wachambuzi wanakopenda kukimbilia na kudai zaidi ya walichosikia. K nane katika "hata wamewika kuku, kwako ni kimya kizima" pamoja na ukwapi wa juu yake zinasikika bila kuelekezwa; takriri ya namna hiyo haihitaji darubini. Lisilosikika upesi ni b, d na g zetu. Mswahili wa mwambao akizitamka huvuta hewa kidogo kuelekea ndani badala ya kuisukuma nje yote, na ndiyo sababu mgeni aliyejifunza lugha vizuri hujulikana kwa neno kama "baba". Hodi ina d hiyo. Nabisha ina b hiyo. Mtu anabisha ili atoke mmoja au aingie mwingine, na sauti zinazobeba tendo lake zinavuta ndani. Sisemi mtunzi yeyote hulipanga hilo. Nasema likitamkwa na mdomo wa pwani lipo.

Halafu sikiliza "nabisha, sikia" lenyewe. B inagonga, sh na s zinazofuata ni za kunong'ona. Anagonga na papo hapo anajinyamazisha, maana ni usiku na watu wamelala. Katika "sibishi, sikia" minong'ono imeongezeka: s, b, sh, s. Pigo moja limezungukwa na minyamao mitatu.

Mchezo mkubwa wa sauti katika shairi lote umekaa wazi na huenda umeshausikia. "U ndani, ewe mwendani." Tamka polepole: ndani, mwe-ndani. Neno analomwitia mpenzi wake limebeba jibu la swali analomwuliza. Anauliza kama yumo ndani, na ndani imo katika jina alilomtajia tangu ubeti wa kwanza, kabla hajajua. Mchambuzi ataandika "takriri ya silabi" na atakuwa sahihi. Ila ukubwa wake uko katika mpangilio wa muda: sikio linapewa jibu kwenye mshororo wa nne, akili ya mpenzi inalifikia kwenye mshororo wa kumi na mbili.

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kumekuwa na mashairi ya Kiswahili yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi juu yake umekula karatasi nyingi. Kwa mchambuzi wa sauti ugomvi ule una faida ndogo. Shairi huru la mapenzi bado lina mikazo, lina pumzi linapokatwa mstari, lina konsonanti zinazorudi. Kilichoondoka ni ile kamba ya nane kwa nane inayomfunga mpenzi na kumlazimisha kusema wangu. Wengine huzipata kamba nyingine. Wengine huzikosa, na shairi lao huwa barua.

Limebaki jambo moja ambalo desturi inalidai. Shairi likitumwa hujibiwa, na anayejibu huchukua bahari ile ile na vina vya kituo vile vile. Kurasa za mashairi za magazeti yetu ziliishi kwa majibizano hayo. Aliyeko ndani, basi, ana -a na -ni za kuishia, mizani nane na nane, na uhuru wa kila kitu kingine. Angeweza kusema karibu. Mimi nikijiweka mahali pake nampa kituo hiki:

Hodi nimeisikia, sikuwa ndani, mwendani.

Vina vimetimia, mizani imetimia, na kauli inajipinga: aliyesikia hodi ya mlangoni kwake alikuwa wapi kama hakuwa ndani? Kisha weka kidole mezani ufuate mikazo ya ukwapi. Ho, silabi ya kwanza. Halafu di, ni, me, i, si, zote nyepesi, mpaka ki ya saba. Pigo la katikati, lile la silabi ya nne lililobisha katika beti zote tatu, amelitoa.